Sikuuliza Tangu Lini

Kopo lilikuwa la Blue Band, lile dogo, rangi imechubuka pembeni. Ndani mlikuwa na vidonge vyeupe, vidogo kuliko punje ya hindi, vimeviringishwa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Usiku wa mkesha, Ijumaa moja ya Julai mwaka 2008, mama mmoja alilishika kopo lile kwa mikono miwili, akapita katikati ya mabenchi hadi mbele, akaliweka juu ya meza tuliyoiita madhabahu. Mimi ndiye niliyemwambia alilete. Watu wakapiga vigelegele, nami nikapaza sauti kuliko wote.

Wakati ule nilikuwa mwinjilisti wa kanisa dogo la wokovu, katika kijiji kimoja cha milimani upande wa Mahenge, wilaya ya Ulanga. Mchana niliuza mbegu, chumvi na mafuta ya taa, jioni nilihubiri. Kanisa silitaji, kwa sababu kosa lilikuwa langu na wengi waliokuwa mle ndani walinifuata mimi tu. Jina la yule mama silitaji kwa kuwa aliniomba hivyo. Nilikuwa nikimwita dada, naye akiniita mtumishi. Acha tuendelee hivyohivyo.

Mwanawe alikuwa na miaka 13, na alikuwa na kifafa. Kwa miezi 11 alikuwa hajaanguka hata mara moja. Hilo la miezi 11 nililijua baadaye sana, lakini naliweka hapa mapema makusudi, ili msomaji ajue tangu mwanzo jambo ambalo mimi sikujisumbua kulijua.

Kwetu mtu hahitaji kuelezwa kifafa ni nini. Ni ugonjwa ulioenea huku kuliko katika sehemu nyingi za nchi, na watafiti wanaokuja milimani wanahusisha wingi huo na usubi, wale inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi na kusambaza minyoo ya macho na ngozi. Ndiyo maana mgawa dawa wa kijiji hupita na fimbo yake ya alama: anakusimamisha, anatazama kichwa kimefika wapi, anakuhesabia vidonge vya usubi. Watoto wengine huanza kwa kusinzia kichwa. Sahani ya ugali ikiwekwa mbele yao, kichwa kinashuka na kupanda, kinashuka na kupanda, kama mtu anayeitikia jambo analoambiwa na asiyeonekana. Miaka inapita, siku moja anaanguka.

Tulikua tukiambiwa kwamba povu ndilo linaloambukiza. Kwa hiyo mtu akianguka, watu wanakimbia. Anatengewa sahani yake, anatengewa mahali pa kulala, na kwa kuwa yuko peke yake, akiangukia moto hakuna wa kumvuta. Ukiona kovu kubwa la moto kwenye mkono au shavu la mtu, huulizi. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alipofika Mahenge karibu na mwaka 1960, hayo ndiyo aliyoyakuta. Akaanzisha kliniki ya kifafa, akaanza kuwapa wagonjwa fenobabitoni, dawa ya bei ndogo ambayo Ulaya ilikwisha kuijua kwa kifafa tangu 1912. Nilizaliwa kliniki ile ipo. Nimekua naona watu wakishuka na kadi zao siku ya kliniki na kupanda na vidonge vyao. Siwezi kusema sikujua.

Nilihubiri nini usiku ule? Nilichukua yale maneno ya Paulo kwa Warumi kuhusu imani na kusikia, nikayavuta mpaka yakapasuka. Nikasema kuna sauti mbili zinazompigia mtu hodi. Neno la Mungu linasema umepona. Kidonge nacho, kila jioni, kinakunong'oneza kwamba bado u mgonjwa. Ukimeza umesikia ile sauti ya pili. Ilikuwa hoja nzuri. Niliitunga nikiwa napima chumvi dukani, na nilipomaliza kuitunga nilijipenda kidogo.

Nilikuwa nimevaa miwani. Bila miwani siwezi kusoma hata namba za sura. Na mwezi wa Mei mwaka huohuo nilikuwa nimeugua malaria nikameza mseto, vidonge vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu, sikukosa dozi hata moja, wala mseto haukuninong'oneza chochote.

Dada aliniuliza swali moja tu. "Mtumishi, na nesi akiniuliza nimwambie nini?"

Nikamjibu, "Mwambie Yesu ameshamponya."

Akatazama kopo, kisha akamtazama mtoto aliyekuwa amelala kwenye mkeka nyuma ya kanisa. Nilidhani anapambana na shaka. Sasa naona alikuwa akipiga hesabu: vimebaki vidonge vingapi, kliniki ijayo ni lini, vikipotea ataombaje vingine. Ilikuwa hesabu ya mtu aliyetembea kwa miguu kila mwezi kwa miaka. Nami nikaikemea.

Siku ya kwanza mtoto hakuanguka. Ya pili, ya tatu, hakuanguka. Jumatano, kwenye ibada ya katikati ya wiki, nilimsimamisha mama atoe ushuhuda. Alisema maneno machache, kwa sauti ndogo, na kila alipotua nilijazia mimi. Wiki ile nilitembea kijijini kama bwana harusi. Watu wa vitongoji vya jirani wakaanza kuuliza mkesha mwingine ni lini.

Miaka kadhaa baadaye tabibu mmoja alinieleza kilichokuwa kikiendelea. Fenobabitoni haitoki mwilini haraka, hupungua siku baada ya siku. Na mwili uliozoea kushikwa nayo, ukiiachia ghafla, huasi kwa nguvu kuliko mwanzo. Mtu huachishwa kwa kupunguziwa kidogo kidogo, kwa miezi, tena chini ya macho ya tabibu. Maana yake ni kwamba katika siku zile zote nilizopokea pongezi, aliyekuwa akimlinda mtoto ni kidonge cha mwisho alichokimeza kabla ya mkesha. Ushuhuda wangu wote wa wiki ile ulikuwa ushuhuda wa fenobabitoni. Tena dawa ile haikujitetea. Ilifanya kazi yake kimya kimya mpaka ikaisha.

Jumamosi alfajiri mtoto aliamka kuchochea moto apashe maji. Alikuwa ameshazoea kufanya kazi hiyo katika ile miezi 11, kwa sababu mama yake alikuwa ameanza kumwamini na moto tena. Akaanguka kifudifudi, mkono wa kushoto ukaingia katikati ya mafiga.

Nilipofika alikuwa ameshatolewa jikoni, yuko uani, na degedege lilikuwa haliachi. Linatulia kidogo, hajafumbua macho, linaanza tena. Majirani wamesimama mbali kwa kuogopa povu. Mimi sikusimama mbali, na kwa miaka hilo nilijihesabia haki. Lakini nilifanya nini pale karibu? Kwanza nilikemea. Nikakemea kwa muda ambao sasa siwezi kuukadiria bila kuona aibu. Halafu nikaomba kijiko, maana nilikuwa nimesikia mtu wa kifafa huwekewa kijiko asijing'ate ulimi. Kijiko kile kilimvunja jino la mbele. Bibi mmoja jirani, asiyesali kwetu wala kwingine, ndiye aliyeniambia, "Baba, sogea. Unamzibia hewa." Akamgeuza mtoto ubavu, akamlegeza shati shingoni, akaweka kitenge chini ya kichwa, akaagiza pikipiki.

Ndivyo inavyotakiwa, na kijiko hakimo kabisa: ubavu, nguo zilegezwe, vitu vya kuumiza viondolewe, usimtie chochote mdomoni, usimkandamize. Dakika tano zikipita hajatulia, au likianza jingine kabla hajazinduka, ni hospitali. Bibi yule hakuwa na saa, lakini alijua zimepita.

Hospitalini walimchoma sindano, mwili ukalegea. Wakati mkono unasafishwa, tabibu alichukua kadi na kalamu akamgeukia mama. Nilikuwa nimesimama hatua mbili, Biblia kwapani.

Akamuuliza ilianza lini. Dada akaeleza kwamba alianza akiwa na miaka sita, kwa kusinzia kichwa akiona chakula, hasa asubuhi za baridi. Akaulizwa kuanguka kulianza lini, akajibu. Mara ngapi kwa mwezi? Huanguka mbele au nyuma? Hujikojolea? Huzinduka baada ya muda gani? Kila swali alilijibu papo hapo kwa ukamilifu, kama mtu aliyekaa miaka saba akingoja aulizwe. Nilikuwa nimeomba na mwanamke huyu kwa muda wa mwaka mzima. Nilikuwa sijui hata moja ya mambo yale.

Kisha tabibu akauliza, "Dawa ameacha lini?"

"Wiki iliyopita."

"Kwa nini?"

Dada aliniangalia. Ilikuwa mara moja tu, wala haikuwa kwa hasira. Akamgeukia tabibu akasema, "Ziliniishia, nikachelewa kuja."

Tabibu akamsema kidogo, kwa upole hata, kwamba dawa hizi hazikatizwi, mama, usirudie tena. Dada akaitikia, "Ndiyo, daktari." Tabibu akaandika. Mimi nikanyamaza.

Ningependa maungamo haya yaishie hapo, kwa sababu kunyamaza mtu anaweza kukueleza. Nilishtuka, ulimi ulikauka, na kadhalika. Lakini kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili ulimi wangu haukuwa mkavu. Kanisa lilijaa. Watu walitaka kujua imekuwaje, na mzee mmoja aliniuliza waziwazi. Nilikuwa na usiku mzima wa kutafakari jibu, na jibu nililolitoa nililitoa nikiwa na akili timamu. Nilisema Mungu alitoa uponyaji, ila chombo cha kuupokea kilitoboka. Nikasema nyumbani kwa mtoto imani ilivuja. Sikutaja jina. Hakukuwa na haja, mtoto alikuwa mmoja na mama alikuwa mmoja.

Yule aliyenifichia aibu mbele ya tabibu, nilimvua nguo mbele ya kanisa. Mambo mawili haya yalipishana kwa siku moja.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto viligandana. Dada hakuja tena kanisani. Alirudi kwenye kliniki na kopo jipya, na mtoto akarudi kutoanguka. Hakumwambia mtu yeyote kilichotokea. Kama angesema, nadhani ningepona mapema zaidi, lakini hilo nalo ni kumtwisha mzigo usio wake.

Nikaendelea kuhubiri. Nilipunguza mahubiri ya uponyaji, bila kueleza kwa nini, nikahamia kwenye utoaji na nyakati za mwisho. Mwaka 2011 magari yalipopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500, watu wa kwetu waliniuliza maoni. Niliwacheka wale waliokuwa wakisafiri. Nilisema Mkristo anayelijua Neno hapelekeshwi na uvumi. Sikuwa na haki ya kucheka mtu aliyepanda gari kwa sababu anaumwa na ana tumaini. Kicheko kile kilinitoka kwa urahisi sana.

Mwaka uliofuata, 2012, nilivuka Kilombero kwa kivuko kwenda Ifakara kwenye msiba wa upande wa mke wangu. Jumapili ikanikuta huko. Niliingia kanisa lililokuwa karibu na nyumba ya msiba, nikakaa benchi la nyuma kama mgeni yeyote. Msomaji wa somo alikuwa mama mtu mzima, anasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Somo lilikuwa Marko sura ya 9, habari ya baba aliyemleta mwanawe kwa wanafunzi wakashindwa kumponya.

Habari hiyo naijua kwa moyo. Nimeihubiri pengine mara 20. Katika injili ya Mathayo, Biblia yetu ya Kiswahili inautaja ugonjwa wenyewe kwa jina, kifafa, na kwetu mhubiri hawezi kulipita neno hilo. Siku zote nilikimbilia sehemu mbili: wanafunzi walioshindwa, na Yesu anayekemea. Kilichopo katikati nilikuwa nakiruka kama mtu anayeruka tope.

Yule mama alipofika mahali ambapo Yesu anamuuliza baba mtoto amekuwa katika hali hiyo tangu lini, ukurasa wake ukaisha. Biblia ilikuwa kuukuu, karatasi zimeshikana. Akalowesha kidole, akajaribu, zikageuka mbili pamoja, akarudi, akajaribu tena. Kanisa zima lilingoja. Na katika kungoja kule swali likabaki peke yake hewani, halina jibu, halina muujiza unaolifuata.

Tangu lini?

Nilikuwa sijawahi kusikia kwamba pale pana swali. Nilikuwa nimelisoma, ndiyo. Nalisema kwa uhakika kabisa: kabla ya siku ile sikuwahi kulisikia.

Fikiri hali ilivyo wakati anauliza. Mtoto yuko chini, anagaagaa, povu linamtoka, mbele ya umati. Waandishi na wanafunzi wametoka kubishana sasa hivi. Kila mtu anasubiri kitendo. Naye anamgeukia mzazi na kumuuliza historia ya ugonjwa. Mathayo hakuliandika swali hilo. Luka pia hakuliandika, na Luka ndiye anayeitwa tabibu na Paulo. Marko, ambaye kwa kawaida ana haraka kuliko wote, ndiye aliyelihifadhi. Na baba, kwa sababu ameulizwa, anasema yote: tangu utotoni, moto, maji. Halafu anafika mahali pa kukiri kwamba anaamini na haamini, vyote viwili kwa pumzi moja, na kuomba asaidiwe hata katika huko kutoamini.

Ingekuwa kanisani kwangu mwaka 2008, huyo ningemwambia imani yake inavuja. Yesu hakumrudisha akaongeze. Alifanya kazi na kile alichopewa, nusu kwa nusu. Na mtoto alipolala kama maiti, watu wakisema amekufa, Marko anasema alimshika mkono. Kwetu, mahali ambapo mtu akianguka watu hukimbia povu, jambo hilo peke yake lingetosha kuhubiriwa mwaka mzima.

Tena pepo anayekemewa katika habari hiyo anaitwa bubu na kiziwi. Nimemkemea huyo kwa jina lake mara nyingi, nikimtafuta ndani ya watoto wa watu. Uziwi ulikuwa upande wa meza niliposimama mimi. Nilidhani katika ile habari ya imani na kusikia, mimi ndiye ninayesikiwa na wengine ndio wenye wajibu wa kusikia.

Wenzangu wengine wakisoma hapa watasema mwenzetu ameacha kuamini uponyaji, sasa anahubiri hospitali. Hapana. Naomba kwa ajili ya wagonjwa hadi leo, na yako mambo niliyoyaona ambayo siwezi kuyaeleza. Lakini nimeyasoma Maandiko upya nikiwa na hofu, na sikulipata mahali popote lile fundisho langu la sauti mbili. Hezekia alipoahidiwa na Mungu kwamba ataongezewa miaka 15, Isaya aliagiza bonge la tini liwekwe kwenye jipu. Ahadi na dawa vilikuwa chumba kimoja, na nabii yuleyule alivileta vyote viwili. Yesu mwenyewe alipomtakasa mwenye ukoma alimtuma kwa kuhani akakaguliwe, na kuhani kwa sheria ya Musa ndiye aliyekuwa na kazi ya kutazama ngozi na kutoa kauli. Kwa lugha ya leo, alimwambia akapime. Mimi sikumwambia dada akapime. Nilimwambia alete kopo.

Niliporudi kutoka Ifakara nilichukua siku tisa kupata ujasiri wa kwenda nyumbani kwake. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Kijana, sasa ana miaka 17, alikuwa pembeni anasuka tenga la mianzi, fito ameibana kwa vile vidole vilivyogandana kana kwamba viliumbwa hivyo kwa kazi hiyo. Dada akanikaribisha kigoda. Akauliza habari za msiba. Akauliza kama nimekula.

Nilisema nilichokuja kusema. Nilikuwa nimekipanga vizuri, kwa mazoea ya mhubiri, kina mwanzo na kati, lakini kilitoka hovyo. Alinisikiliza bila kuacha kupukuchua. Nilipofika kwenye ile Jumapili, mikono yake ikasimama.

"Hayo ya dawa," akasema, "hata mimi nilitaka iwe kweli. Nilichoka kutembea. Usijibebeshe peke yako." Akanyamaza. "Lile la Jumapili niliambiwa siku ileile, mchana, na watu watatu."

Nikamwambia naomba msamaha.

"Mimi ulinisema mbele ya watu. Na hili lisemee mbele ya watu." Nikaitikia. Nilikuwa nimeanza kuinuka aliponiongezea, "Na usilie. Ukilia watakuhurumia wewe."

Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote, kwani nilikuwa nimepanga kulia. Si kwa unafiki hasa, ila najijua. Najua jinsi machozi ya mhubiri yanavyoweza kugeuza kosa lake kuwa ibada nzuri, watu wakatoka wamebarikiwa.

Nilisimama Jumapili iliyofuata, nikasema bila kulia. Nilisema kopo, kijiko, tabibu, na maneno ya kuvuja. Nilisema mama yule hakupungukiwa imani, alipungukiwa mchungaji. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyotarajia, kisha kukawa kimya kirefu ambacho hakuna aliyejua akijaze kwa wimbo gani. Mzee mmoja alinifuata baada ya ibada akaniambia nimempa Shetani nafasi. Familia tatu zilihama. Niliomba nivuliwe uinjilisti, nikavuliwa, na nikiri kwamba nilipovuliwa kweli nilikasirika.

Usiku wa siku ileile mwanamke mwingine aligonga mlango wa duka. Hakutaka kuingia, wala hakutaka nishike taa. Aliuliza kama mtu aliyeacha vidonge vyake tangu mwaka 2009, kwa ajili ya mahubiri fulani, anaweza kurudi akapokelewa, au atafukuzwa. Sikumuuliza ni vidonge vya nini. Nilimuuliza kama angependa tusindikizane, na siku ya Jumanne mke wangu akaenda naye. Walimpokea. Mpaka usiku ule nilikuwa nikidhani kosa langu lina mtoto mmoja na mkono mmoja. Sijui walikuwa wangapi waliosikia sauti mbili zangu wakachagua ile niliyowaelekeza. Kuna watu tuliowazika miaka ile ambao nikipita kwenye makaburi yao natembea haraka.

Wiki moja baadaye kijana alikuja dukani kununua chumvi na betri za tochi. Alinunua, akasimama, akawa haondoki.

"Mtumishi, swali moja."

Nikamwambia aulize. Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Usiku ule, mbona miwani yako hukuiweka mezani?"

Hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa kweli anataka kujua, kwa miaka minne alikuwa anataka kujua, na pale kwenye mkeka nyuma ya kanisa, nilipodhani amelala, alikuwa macho ananitazama. Nilivua miwani nikaishika mkononi. Sikuwa na jibu, nikamwambia sina jibu. Akatikisa kichwa polepole, akachukua chumvi yake na betri zake, akaenda.

Dakika moja baadaye akarudi mlangoni. Nilikuwa nimempunja shilingi mia kwenye chenji.